Ndege Inayotaka Kutanguliza Mkia

Je, wajua kwamba kuna ndege ambayo rubani wake hupata kazi ngumu zaidi ikiwa tayari iko chini, wakati abiria ameanza kushusha pumzi? Ni ndege ndogo yenye gurudumu la mkiani.

Itazame Piper Super Cub ikiwa imeegeshwa. Magurudumu mawili makubwa yako mbele, na kigurudumu kimoja kidogo kiko nyuma kabisa, chini ya mkia. Imeketi kama simba: kifua juu, kiuno chini. Aina hii ilianza kuundwa Marekani mwaka 1949, na imewatumikia kwa miaka mingi marubani wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na wa shirika la uhifadhi la Sheldrick Wildlife Trust huko Tsavo, wakifuatilia ndovu na kuwasaka majangili. Inapendwa kwa sababu ni nyepesi, hutua kwenye kiwanja kifupi cha nyasi, na panga za injini yake zinazunguka juu, mbali na mawe.

Lakini uzito wake umekaa mahali pa hatari. Mfikirie dereva wa lori lenye tela. Akienda mbele, tela linamfuata. Hata likiyumba, linavutwa na kunyooka. Akirudi nyuma, tela likipinda kidogo tu, kila anavyosukuma ndivyo linavyozidi kupinda, mpaka lijikunje ubavuni mwa lori.

Ndege yenye gurudumu la pua ni kama lori hilo likienda mbele, kwa kuwa kitovu cha uzito wake kiko mbele ya magurudumu makubwa. Kwenye Super Cub kitovu hicho kiko nyuma ya magurudumu hayo. Pua ikigeuka kidogo kushoto, uzito ulio nyuma bado unang'ang'ania kwenda kule ulikokuwa unaelekea. Unautupa mkia kulia, na pua inazidi kwenda kushoto. Upepo wa ubavuni huongeza shida: unausukuma mkia, na ndege inageukia upepo unakotoka, kama jahazi lililotia nanga linavyoelekeza omo.

Sasa angalia miguu ya rubani. Haitulii, kama ya fundi kwenye cherehani. Kulia, kushoto, kulia: anakanyaga pedali za usukani wa mkia kwa miguso mifupi, huku macho yake yakiwa mbali mwisho wa kiwanja. Mkononi ameivuta fimbo ya kuongozea hadi tumboni ili kigurudumu cha nyuma kikandamize ardhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpindo unaonyooshwa mapema kwa mguso mmoja ukiachwa unaweza kushinda nguvu za miguu yote miwili. Tena usukani wa mkia unategemea upepo wa mwendo. Kadiri ndege inavyopunguza kasi ndivyo unavyolegea, na ndiyo maana ajali nyingine hutokea pale ambapo rubani alidhani amekwisha kutua.

Mpindo ukipita kiasi, ndege huzunguka ghafla na mkia hutaka kutangulia. Bawa la upande wa nje hulala na kukwaruza ardhi, na mguu wa gurudumu huweza kuvunjika. Hata kupaa kuna hatari hiyo. Tarehe 20 Machi 1937, huko Honolulu, rubani Mmarekani Amelia Earhart alikuwa akianza kupaa na ndege yake ya injini mbili, Lockheed Electra, yenye gurudumu la mkiani, akiwa katika jaribio lake la kwanza la kuizunguka dunia. Ndege ilimponyoka, ikazunguka, na miguu yake ikavunjika. Watu waliokuwemo walisalimika, lakini ndege ilibidi irudishwe California kutengenezwa.

Basi ukibahatika kupanda ndege ya aina hii, usimsemeshe rubani pindi magurudumu yanapogusa ardhi. Mnyamazie mpaka isimame kabisa. Kazi yake bado haijaisha.