Kalamu ya Wanja: Nawal El Saadawi katika Gereza la Qanatir

Mwezi Septemba 1981 serikali ya Rais Anwar Sadat wa Misri iliwakamata wapinzani wake zaidi ya 1,500, wa kila mrengo. Miongoni mwao alikuwamo Nawal El Saadawi, daktari na mtetezi wa haki za wanawake, ambaye mwaka 1972 alikwisha poteza cheo chake katika Wizara ya Afya kwa sababu ya maandishi yake kuhusu mwili wa mwanamke. Pasipo hukumu ya mahakama yoyote, alifungiwa katika gereza la wanawake la Qanatir, nje ya Kairo.

Gereza hilo hakuwa mgeni nalo. Miaka michache kabla aliliingia akiwa tabibu mtafiti, akamsikiliza mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mwanamume. Ndipo ilipozaliwa riwaya yake *Imra'a 'inda Nuqtat al-Sifr*, iliyochapishwa Beirut mwaka 1975. Safari hii mlango ulifungwa naye akiwa ndani, pamoja na wanawake wa Kimarx na wengine waliojifunika nyuso, ambao huko nje pengine wasingeketi jamvi moja. Mwandishi Latifa al-Zayyat naye alikamatwa katika msako uo huo. Yeye alikwisha onja jela tangu mwaka 1949.

Kalamu na karatasi vilipigwa marufuku. El Saadawi anasimulia kwamba mbele ya wakuu wa gereza kuvikutwa navyo kulikuwa kosa zito kuliko kukutwa na bunduki. Akaandika kwa kalamu ya wanja wa nyusi, aliyoipata kwa mfungwa wa ukahaba, juu ya karatasi za msalani.

Msomaji wa Kiswahili hapa atamkumbuka Abdilatif Abdalla, ambaye tungo zake za *Sauti ya Dhiki* (1973) ziliandikwa juu ya karatasi kama hizo katika jela za Kenya, 1969 hadi 1972. Lakini iko tofauti isiyofaa kupuuzwa. Shairi la vina na mizani, karatasi ikinyang'anywa, laweza kubaki moyoni mwa mtungaji. Kumbukumbu za nathari, zenye mazungumzo, ugomvi na vicheko vya seli nzima, hazina hifadhi hiyo. Ndiyo maana kile kipande cha wanja kilikuwa na thamani kubwa hivyo.

Sadat aliuawa tarehe 6 Oktoba 1981, na Novemba El Saadawi akaachiwa huru. Kumbukumbu zake za Qanatir zilichapishwa katika muongo huo huo. Jumuiya ya wanawake wa Kiarabu aliyoiasisi mwaka 1982 ilifungwa na serikali mwaka 1991. Mwenyewe aliendelea kuandika hadi uzeeni, akafariki Machi 2021.