Picha yenye ukungu si ya kutupwa

Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Niliikumbuka methali hii jamaa zangu walipokutana kuchagua picha ya marehemu nyanya ili ichapishwe katika kijitabu cha mazishi. Zilikuwako mbili tu. Ya kwanza ni ya kitambulisho: kila kitu bayana, macho makavu, midomo imefumbwa kana kwamba yuangojea hukumu. Ya pili alipigwa uani jioni moja, akigeuka kumcheka mtoto aliyemvuta leso. Uso umetikisika na mkono umekuwa kama moshi. Binamu yangu akashauri itupwe, au angalau ipitishwe katika programu ya simu inayodaiwa kusafisha picha.

Ndipo nilipojiuliza: ni nani aliyetuamulia kwamba picha njema sharti iwe kali kama wembe?

Swali hili si geni. Mnamo mwaka wa 1863, Bi. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyezaliwa Calcutta, alizawadiwa kamera na bintiye na mkwewe. Alikuwa na umri wa miaka 48. Aliowapiga picha walilazimika kutulia kwa dakika kadhaa, na mara nyingi nyuso zao zilitoka zikiwa na ukungu. Wakosoaji wa siku zile walimkebehi kuwa hajui kazi. Yeye naye, katika barua aliyomwandikia Sir John Herschel mwaka wa 1864, alihoji ni nani mwenye haki ya kuamua ukali ulio halali. Leo picha zake zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho.

Mfano wa pili ni Robert Capa. Tarehe 6 Juni, 1944, aliteremka pamoja na askari wa Marekani katika ufuo wa Omaha, nchini Ufaransa, risasi zikivuma. Picha chache zilizosalia zimetikisika, na jarida la Life lilipozichapisha mwezi huo lilieleza kuwa msisimko wa wakati ule ndio ulioisogeza kamera. Capa hakuona haya. Kitabu cha kumbukumbu zake za vita, kilichotoka mwaka wa 1947, alikiita Slightly Out of Focus, yaani ukungu kidogo. Msomaji, hebu fikiria askari yule majini angeonekana bayana hadi vifungo vya shati. Je, tungeihisi hofu yake?

Sababu yake si uchawi. Kamera haipigi nukta ya wakati, bali kipande chake. Ikifunguka kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, kila kinachosogea huacha mkia. Mkia huo ni ushahidi kwamba palikuwa na uhai.

Wapo watakaonijibu kuwa natetea uzembe. La hasha! Daktari anayeisoma picha ya mfupa hahitaji ushairi, wala afisa wa pasipoti. Na mpiga picha aliyelipwa kwenye harusi akaleta ukungu mtupu hana budi kurudisha pesa. Ninalopinga ni kuvipima vyote kwa mizani moja.

Isitoshe, tunajipinga wenyewe. Tangu mwaka wa 2016 simu nyingi zimeuzwa kwa sifa ya kutia ukungu wa kubuni nyuma ya mtu, nasi tunazigharimia. Kisha ukungu wa kweli tunaufuta kwa kidole.

Hatari kubwa zaidi imo katika hizo programu za kusafisha. Nuru ambayo haikuingia katika filamu haiwezi kurudishwa. Programu hukisia tu. Tulipoijaribu kwa picha ya nyanya, ilitutolea bibi mzuri, mwenye ngozi nyororo na meno yaliyopangika sawasawa. Nyanya alikuwa na mwanya. Kila mmoja wetu alinyamaza, na binamu yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifuta.

Tuliichapisha ile ya uani, pamoja na ukungu wake. Wazee waliofika mazishini waliishika mikononi kwa muda mrefu, na mmoja akacheka kabla hajalia. Basi msomaji, kabla hujaifuta picha iliyotikisika, jiulize kwanza ni nini kilichokuwa kikisogea.