Madoa mengi kwenye sahani si ushindi

Umekesha maabara wiki nzima ukitafuta jeni moja ya mmea wako. Asubuhi unafungua inkubeta: sahani imejaa madoa mangavu, kila doa mahali faji alipoua bakteria. Unapiga picha, unairusha kwenye grupu. Ngoja kwanza. Huenda nusu ya madoa hayo hayana kipande chako kabisa.

Faji lambda ana DNA ya jozi 48,502 za besi, na kichwa chake hupakia takriban asilimia 78 hadi 105 ya urefu huo, basi. Vekta EMBL3, iliyotangazwa mwaka 1983 kutoka Heidelberg, Ujerumani, inatumia kigezo hicho. Ina mkono wa kushoto, mkono wa kulia, na katikati kijazio. Kijazio kinatolewa, kipande chako kinakaa pale. Mikono ikiungana yenyewe inakuwa mifupi mno, haipakiwi. Safi.

Tabu ni kijazio kisichotaka kuondoka. Ncha zake zinalingana na za mikono, na ligezi, kimeng'enya kinachounganisha DNA, haijui wewe unataka nini, inakirudisha palepale. Ndiyo maana tunakata kwa BamHI, kisha EcoRI: kijazio kinabaki na ncha tofauti, hakina pa kushika. Wakipenya wachache, otesha kwenye E. coli iliyobeba faji mwingine, P2. Lambda mwenye jeni za red na gam hakui humo, na waliounda EMBL3 waliziacha jeni hizo ndani ya kijazio. Ujanja mtupu!

Lakini P2 haioni kosa moja, na hilo ndo linaloumiza: vipande viwili vya DNA yako, kila kimoja kutoka kromosomu yake, vikiungana ndani ya faji mmoja. Huyo hana kijazio, anakua vizuri tu. Utaandika kwenye ripoti kwamba jeni fulani mbili ni majirani, kumbe hazijawahi kuonana. EMBL3 hubeba kama besi 9,000 hadi 23,000, kwa hiyo chagua vipande vya 15,000 hadi 20,000. Viwili pamoja havienei. Viondolee pia fosfeti kwenye ncha, visishikane vyenyewe.

Halafu ile sahani ya kulinganishia ambayo wengi tunairuka: mikono na ligezi tu, bila kipande chako. Kwa kipimo kilekile, ikitoa madoa 40 na yako 50, ile picha ifute kwenye grupu.