Lochi wa Sumatra na Soko la Akwariamu

Msimu wa mvua unapoanza Sumatra, kisiwa cha Indonesia, samaki waitwao lochi waliokomaa hupanda hadi sehemu za juu za mito kama Batanghari na Musi kutaga mayai. Vifaranga huteremka na maji ya mafuriko hadi mabondeni, na huko wavuvi wamekwisha kutega vipande vya mianzi vilivyotobolewa. Lochi hupenda kujibanza penye giza. Mwanzi ukiinuliwa, vifaranga waliojificha ndani humwagwa kwenye beseni, na safari ya kuelekea maduka ya Ulaya, Marekani na Japani huanzia hapo.

Huyu ni Chromobotia macracanthus, mwenye mwili wa rangi ya machungwa na mistari mitatu mipana myeusi. Mwanasayansi Bleeker alimweleza kisayansi mwaka 1852, na kwa miongo mingi amekuwa miongoni mwa samaki wa mapambo wanaoipatia Indonesia fedha za kigeni. Mvuvi humuuzia mkusanyaji wa kijijini, mkusanyaji humuuzia msafirishaji wa mjini, na shehena nyingine hupitia Singapore, kituo kikubwa cha biashara hii. Kabla ya safari samaki hunyimwa chakula ili wasichafue maji, kisha hufungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni na kupangwa katika maboksi ya povu. Gharama ya ndege hulipwa kwa uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji.

Hasara nayo ina mlango wake. Magamba ya lochi ni madogo mno, kwa hiyo dawa nyingi za ugonjwa wa madoa meupe humdhuru zikitiwa kwa kipimo cha kawaida. Chini ya kila jicho ana mwiba unaonasa kwenye nyavu. Mwagizaji makini humhamisha kwa chombo badala ya wavu na kumweka karantini kabla ya kumuuza. Asiye makini huzika faida yake.

Anayeotesha mimea ndani ya tangi hununua lochi hasa kwa sababu ya konokono. Mimea mipya huja na mayai yao, nao huzaana upesi. Lochi huwafyonza konokono kutoka kwenye makombe yao. Wauzaji wengi humtoa samaki mmoja mwenye sentimita tano kana kwamba ni dawa ya konokono. Hilo ninalipinga kabisa. Lochi huishi kwa kundi, watano au zaidi. Anaweza kufikia sentimita 30 na kuishi zaidi ya miaka 20. Mwenye tangi la lita 100 la mimea na samaki wadogo aina ya tetra anastahili kuambiwa ukweli na kuelekezwa kwa lochi kuli, mwembamba kama mkunga mdogo, anayetaka mchanga laini wa kujichimbia. Mimea inayofaa kuwekwa na lochi ni ile inayofungwa kwenye gogo, kama anubia ya Kameruni, ambayo haing'olewi kwa urahisi.

Kilichowalinda wavuvi wa Sumatra sokoni ni ugumu wa lochi kuzaa. Ndani ya akwariamu ni nadra mno kwake kutaga mwenyewe. Indonesia iliongeza ulinzi kwa kuzuia usafirishaji wa waliozidi sentimita 15, ili wazazi wabaki mtoni. Lakini sindano ya homoni ya kumtagisha imebadili hesabu. Watafiti wa Indonesia na Ufaransa walifanikisha uzalishaji kwa njia hiyo huko Depok, karibu na Jakarta, na leo vifaranga wa shambani hutoka hata Jamhuri ya Cheki.

Kwa samaki mwenyewe, hiyo yaweza kuwa neema. Lochi mnyororo wa Thailand, mdogo na anayefaa sana tangi la mimea, karibu atoweke mtoni. Wanaouzwa sasa huzalishwa mashambani kwa homoni. Kwa mvuvi hali ni nyingine, na wafanyabiashara wa Kigoma na Bujumbura wanaielewa vizuri. Samaki wengi wa mapambo wa Ziwa Tanganyika huzaa tangini bila sindano yoyote. Basi mfugaji wa ng'ambo akishapata jozi chache, hana haja ya kuagiza tena kutoka ziwani, na wauzaji wa huku hubaki na soko la wanaotafuta aina adimu au damu mpya ya kuzalishia.

Indonesia bado ina nafasi ambayo ziwa letu lilikwisha kuipoteza. Lochi hukua polepole, na kumlea hadi ukubwa wa kuuzika kunahitaji maji ya joto, chakula na subira. Katika nchi za baridi gharama ya joto hulipwa mwaka mzima. Vituo vya kutotolesha vikijengwa katika miji ya Sumatra ya Jambi na Palembang, na wakusanyaji wa mtoni wakapewa hisa na kazi humo, kifaranga wa shambani anaweza kuuzwa kwa faida ya watu walewale waliomvua kwa mianzi.