Pikipiki ya magurudumu manne kwa mawindo
Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini shemeji yangu yuko Marekani, huwinda kulungu kwa leseni, na ameniuliza anunue pikipiki gani ya magurudumu manne. Nimemwambia mwendo auache. Injini ya cc 400 au 500 yatosha, mradi magurudumu yote manne yavute matopeni. Atazame zaidi keria ya nyuma inaruhusiwa kilo ngapi, maana dume la kulungu laweza kuzidi. Ukizidisha mzigo nyuma kisha ukapanda mlima, mbele huinuka, chombo kikakuangukia. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa. Na nyingi zimeundwa kwa mtu mmoja. Mtoto asipakiwe, hata akilia. Mie ningeiegesha mbali, nikamalizia kwa miguu: kulungu ana masikio.