Je, Wajua? Transista Ndiyo Iliyoifikisha Redio Malishoni

Transista ni swichi ndogo ya umeme isiyo na kiungo kinachosogea. Pia hukuza ishara hafifu. Ilivumbuliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell, Marekani. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo mwaka 1956.

Kabla yake, redio zilitumia vali: chupa za kioo zenye uzi wa kupashwa moto, zilizokula umeme mwingi na kuungua upesi. Redio za aina hiyo hazikufaa vijiji vya Wapokomo kandokando ya Mto Tana, wala mfugaji wa Kiorma anayehama na ng'ombe wake. Redio ya transista, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954 ikiwa na transista nne tu, ilitumia betri kavu na kubebeka mkononi.

Saketi, yaani mizunguko ya umeme inayounganisha transista na vipande vingine, zilipokua kubwa, kuunga maelfu ya vipande hivyo kimoja kimoja kwa waya kukawa kazi ngumu. Mwaka 1958, mhandisi Jack Kilby aliunda saketi nzima juu ya kipande kimoja cha germaniamu. Kufikia 1971, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel 4004 ilikuwa na transista 2,300.

Leo, simu ya vitufe, yaani kabambe, inayotuma pesa kwa M-Pesa kutoka mji wa Garsen ina mamilioni ya transista. Simu janja ina mabilioni.