Siku ya Mvua Chini ya Lengai

Kila niliyemuuliza habari za Ol Doinyo Lengai alinipa jibu lile lile: usiende wakati wa mvua. Makorongo yanajaa, magari yanalala njiani, na njia ya kupandia inakuwa utelezi mtupu. Hakuna aliyenidanganya. Ila mimi ni mwajiriwa, likizo yangu hutoka Desemba, na Desemba ya upande ule wa Arusha huwa ina vuli yake. Basi nikafunga begi, nikatia koti la mvua na turubai dogo, nikaondoka. Na niseme mapema: nikipewa leo kuchagua kati ya siku kavu na siku ile ya mvua, nitaichukua ile ile. Mlima huu haueleweki bila maji.

Kutoka Arusha unapanda Coaster hadi Mto wa Mbu, halafu unatafuta gari la kuelekea Engare Sero na Loliondo. Pale stendi kondakta aliniona na begi kubwa mgongoni akaniuliza wageni wangu wako wapi. Nikamwambia mgeni ni mimi. Akalitazama begi, akanitazama usoni, kisha akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kana kwamba nina siri. Mtanzania anayebeba hema lake mwenyewe kwenda kuangalia mlima bado ni kioja, na mwanamke wa Tanga asiye na msafara ni kioja zaidi. Nilikaa kiti cha nyuma, katikati ya gunia la sukari na mama aliyekuwa akirudi na mabati.

Njia inapita Selela, kisha Engaruka, yalipo magofu ya kijiji cha kale cha wakulima waliojenga matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia, wakaondoka yapata miaka 200 au 300 iliyopita. Kuna mageti ya ushuru, kila geti na risiti yake. Zaidi ya hapo ni vumbi, ambalo siku hiyo lilikuwa tope. Mlima wenyewe sikuuona. Wingu lilikuwa limeteremka hadi kiunoni mwake, na nililala usiku wa kwanza nikiwa chini ya mlima wa karibu mita 2,960 bila kuuona hata kilele.

Asubuhi mvua ilikuwa ikipiga hema. Utaratibu wa kawaida ni kupumzika mchana kutwa na kuanza kupanda saa sita usiku, ili jua lisikukute kwenye mteremko usio na mti hata mmoja. Lakini mwongozaji wangu alifika mapema, kijana wa Kimasai mwenye shuka nyekundu, katambuga miguuni na mwavuli. Mwavuli nao ulikuwa na nembo ya benki.

“Takwenya,” akanisalimu.

“Iko,” nikaitikia. Hilo nilikuwa nimefundishwa garini na yule mama wa mabati.

“Dada, tukishinda hemani, mvua ndiyo itakayoshinda. Twende tukatembee.”

Tulianzia maporomoko ya mto Engare Sero, ambayo kila mgeni hupelekwa. Unafuata korongo lenye kuta ndefu za mwamba, unavuka maji mara kadhaa, hadi unafika mahali mto unapotumbukia kutoka ukutani, pembeni kuna mikindu. Ni pazuri, sina zaidi la kusema. Kilichonivutia ni kwamba kabla ya kuingia korongoni kijana alisimama kitambo akitazama rangi ya maji. Maji yakiwa meupe, unaingia. Yakianza kuwa ya kahawia, ujue mvua imenyesha juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na unatoka mbio hata kama huku chini jua linawaka. Siku hiyo yalikuwa meupe. Tuliporudi alisimama akayatazama tena.

Kisha tukaenda kwenye nyayo, na hapo ndipo nilipoishukuru mvua kwa mara ya kwanza.

Kusini mwa Ziwa Natron, karibu na kijiji, kuna bamba la mwamba wa kijivu lenye nyayo za binadamu zaidi ya 400. Siku ya jua kali, kijana alinieleza, mgeni hupata shida kuziona, maana mwanga unatoka juu moja kwa moja na kivuli hakuna. Sisi tulizikuta zimejaa maji. Kila unyayo ulikuwa kidimbwi chenye umbo lake: kisigino, ule upinde wa katikati, halafu vidole vitano kwa mpangilio, kidole gumba kimezama zaidi ya vingine. Matone yalikuwa yakidondokea ndani ya vidole hivyo. Nilichuchumaa nikaweka kiganja karibu na kimoja, bila kukigusa. Ulikuwa mguu mdogo kuliko wangu.

Wataalamu wanasema watu hao walipita hapa kati ya miaka 19,000 na miaka 5,700 hivi iliyopita. Ni nafasi pana, na sababu yake ni kwamba umri wa majivu si umri wa nyayo: tope waliolikanyaga lilikuwa majivu ya volkano yaliyoteremshwa na maji kutoka ubavuni mwa Lengai, yakatandazwa uwandani, yakakauka haraka na kufunikwa. Nimesema maji. Bila mvua majivu yale yangebaki vumbi na nyayo zingepeperuka jioni ile ile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kundi moja la nyayo lilihesabiwa kuwa la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na kwa kupima urefu wa miguu watafiti wakakisia kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake watu wazima, wanaume 2, na kijana 1. Huenda walikuwa wakitafuta chakula. Wanawake kumi na wanne njiani na wanaume wawili wamefuatana nao: kwetu Tanga hiyo ni safari ya kwenda arusini, na nilimwambia hivyo kijana, akacheka hadi mwavuli ukamponyoka.

Ziwani hatukukaa. Natron ni bapa, kina chake hakifiki mita 3, na maji yake yana magadi makali kiasi cha kuchubua ngozi. Ukali huo ndio unaowafaa heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hapa, na sehemu nyingine ya kuzaliana kwa uhakika hawana, kwa sababu fisi na mbweha hawavuki matope ya magadi kwenda kuiba mayai. Tuliwaona kwa mbali, mstari wa waridi ndani ya mvua. Viatu vyangu vilirudi na gamba jeupe ambalo lilinichukua jioni nzima kuliondoa.

Jioni hiyo hiyo, jikoni kambini, mpishi alichota kipande kidogo cha magadi akakitupa kwenye sufuria ya maharage ili yaive upesi. Mimi nimekua nikiona bibi yangu akifanya hivyo. Kijana akanyoosha kidole kwenye sufuria, kisha kule gizani ulipo mlima, akasema, “Kile kinachotoka juu ni ndugu ya hiki.”

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi nilivyosoma shuleni. Lava tunayoijua, ile ya Nyiragongo iliyoshukia Goma mwaka 2002 na tena 2021, ni mwamba wa silika ulioyeyuka, wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, unaowaka mwekundu mchana kweupe. Lava ya Lengai ni kabonati: sodiamu, potasiamu na kalisi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana haing’ai, inatiririka nyeusi au kahawia, nyepesi kama mafuta, na mtu asiyejua atadhani ni tope. Usiku ndipo unaweza kuona wekundu hafifu. Duniani kote hakuna volkano nyingine hai inayotoa lava ya namna hii. Mwaka 1960 mjiolojia J. B. Dawson aliingia ndani ya kreta akaiona ikitiririka, na hapo ukaisha ubishi wa miaka mingi wa wataalamu waliokuwa wakiuliza kama mwamba wa kabonati kweli unaweza kutoka ardhini ukiwa umeyeyuka.

Ndani ya lava hiyo kuna madini mawili makuu. Moja linaitwa gregoriiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa. La pili ni nyerereiti, na hapana, hujakosea kusoma: ni la Mwalimu. Nimepita barabara za Nyerere, nimeshukia uwanja wa ndege wa Nyerere, lakini hili la volkano kutapika kitu chenye jina lake nililisikia mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye ndoo, nikingoja maharage.

Madini yote mawili hayavumilii maji. Lava ikipoa inakuwa nyeusi, lakini unyevu wa hewani ukiigusa huanza kubadilika, kijivu kwanza, kisha nyeupe. Kukiwa kukavu huchukua siku kadhaa. Mvua ikinyesha, saa chache zinatosha. Ndiyo maana kilele cha Lengai ukikiangalia kutoka mbali unadhani kina theluji, na ndiyo maana nasema aliyepanda kiangazi ameona nusu.

Saa tano usiku mvua ilikatika. Kijana alitoka, akasikiliza, akatazama upande wa ukingo wa bonde kwa muda mrefu, kisha akasema twende, ila ikinyesha tena kabla ya alfajiri tunageuza na asisikie malalamiko. Nilikubali. Mtu anayetazama rangi ya mto mara mbili habishiwi.

Njia haina kona za kukupunguzia ukali, inapanda tu. Mwanzo ni nyasi na majivu yaliyolegea, ambayo siku hiyo yalikuwa yameshikana kwa unyevu na kukanyagika vizuri. Juu zaidi ni mwamba wa majivu magumu uliochimbwa na maji kuwa mifereji mirefu, na unapanda ndani ya mfereji, mikono na miguu. Glavu ni muhimu kuliko fimbo. Mteremko wa mwisho ni mkali kiasi kwamba taa yangu ya kichwani ilikuwa ikimulika visigino vya kijana mbele ya uso wangu, na vile vya katambuga vilikuwa vikishika mwamba vizuri kuliko buti zangu za bei. Huwezi kukaa kupumzika pale. Unaegemea.

Tulifika kingoni kukianza kupambazuka. Harufu ya kiberiti ilitupokea kabla ya kitu kingine, kisha sauti: mvumo kutoka chini, unaacha, unaanza tena, na katikati yake kitu cha majimaji kinachopiga ukuta. Kwa dakika kadhaa sikuona ila ukungu.

Ulipofunguka niliona shimo. Kabla ya mwaka 2007 shimo hili halikuwepo. Kreta ilikuwa imejaa lava hadi pomoni na kumwagika nje, na wageni walikuwa wakitembea juu yake, wengine wakipiga kambi humo. Julai 2007 ardhi ikatetemeka siku nyingi, mitikisiko ikasikika hadi Nairobi, na kuanzia Septemba mlima ukalipuka kwa majivu hadi mwaka uliofuata. Watu wa vijiji vya jirani walihama na mifugo yao. Mlipuko huo uliuchimba moyo wa kreta ukaacha kina cha zaidi ya mita 100, kuta zimesimama wima. Hakuna kizuizi wala kamba. Kijana alinishika begi kwa nyuma, na sikuona aibu.

Chini kulikuwa na vichuguu vya lava vimesimama, vyeupe na vya kijivu, kimoja kikitoa moshi. Kutoka kwenye kile kimoja ulishuka mstari mweusi wa lava mpya, na kingo zake zilikuwa zimeshaanza kupauka. “Juzi ule wote ulikuwa mweusi,” kijana akasema. Manyunyu yakaanza. Pale yalipogusa sakafu ukapanda mvuke, na kwa muda mfupi sikuweza kutofautisha mawingu yanayotoka juu na yale yanayotoka chini. Wamasai huja huku kumwomba Engai, yaani Mungu, watoto na mvua.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, na kwenye manyunyu ni kubaya zaidi. Nilishuka sehemu kubwa kwa makalio, suruali ilibaki huko. Atakayekwenda achukue suruali nzito, glavu, maji ya kutosha na mwongozaji wa kijiji kile, na siku moja ya akiba, kwa sababu gari la kurudi halina uhakika.

La kwetu lilisimama korongoni kabla ya Engaruka. Maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kishindo, na dereva alizima injini akalala. Abiria tulishuka tukakaa juu ya mawe. Mzee mmoja aliyekuwa ameliona tope kwenye nguo zangu aliniuliza kama nimetoka juu.

“Ndiyo, mzee. Nimetoka juu.”

“Ulikwenda kuomba nini?”

Nikamwambia sikuomba kitu, nilikwenda kutazama tu. Akawageukia wenzake akasema jambo kwa Kimasai, wote wakacheka, hadi kina mama. Nikamwomba kondakta anitafsirie.

“Anasema umepanda usiku kucha kwenda kwa Mungu, umerudi, na hukumwambia hata apunguze maji tuvuke.”